Trei ya Bata Iliyosimama

Akitoka shule, kabla hata ya kuvua viatu, Nong'ona alikuwa anapita kwanza chumba cha mayai. Kilikuwa chumba kidogo nyuma ya nyumba ya shangazi yake, chenye joto kama shuka lililotoka kupigwa pasi, na harufu ya manyoya na maji ya vuguvugu. Katikati ilisimama inkubeta: kabati refu la mbao lenye droo nyingi, na katika kila droo trei ya mayai. Feni ilivuma humo ndani mchana kutwa. Kila saa ikitimia, injini ndogo zilisema krrr, trei zikainamia kushoto. Saa inayofuata, krrr, zikainamia kulia.

"Kuku anayeatamia huyageuza mayai yake kwa mdomo," Shangazi alimwambia siku ya kwanza. "Asipoyageuza, kifaranga anagandia kwenye ganda. Sisi mdomo huo hatuna, tuna injini."

Basi Nong'ona alijaza maji kwenye sinia la chini, akasoma kipimajoto, akafuta vumbi kwenye skrini, ndipo akaenda kula.

Nong'ona si jina alilopewa na wazazi, ni la shuleni. Akiulizwa swali darasani, jibu lilimtoka kwa sauti ndogo mpaka mwalimu alilazimika kumwinamia, na darasa zima likamsaidia kwa kelele: "Ananong'ona, mwalimu!" Jibu lenyewe mara nyingi lilikuwa sahihi, lakini nani alilisikia? Alichokiogopa kuliko nyoka ni kukosolewa mbele za watu. Mwalimu akisema tu "si hivyo," masikio yalimwaka moto hadi kengele ya kwenda nyumbani.

Kwenye kompyuta alikuwa mtu mwingine. Kompyuta haikumwambia apaze sauti. Kwa hiyo kifaa cha kuendesha inkubeta kilipoungua, na mwalimu wa kompyuta akajitolea kutengeneza kingine, Nong'ona ndiye aliyebaki naye wakati wanafunzi wengine wa klabu ya kompyuta walipochoka. Mwalimu alileta kompyuta ndogo, saizi ya kipande cha sabuni, akaifunga ubavuni mwa kabati. Sehemu ya joto na injini aliiandika mwenyewe. Iliyobaki akamwachia Nong'ona.

"Siku tatu za mwisho yai halitakiwi kugeuzwa," alimweleza. "Kifaranga anajipanga atokee wapi. Trei isimame, ilale sawa kama meza. Programu yako ndiyo itakayojua lini."

Kuku hutoka siku ya ishirini na moja, hivyo trei yake inasimama siku ya kumi na nane. Bata hutoka siku ya ishirini na nane, ya kwake inasimama ya ishirini na tano. Kware nao wana hesabu yao. Jambo lenyewe si gumu. Ila ukikosea, aliye ndani ya yai hana mlango wa kugonga.

Trei ya bata ilikuwa moja tu, na ilikuwa ya Dobi.

Dobi alikuwa mzee wa mtaa wa pili, mwenye vidole vyeupe vilivyokunjamana kwa maji ya sabuni. Bata wake aliachiwa na marehemu mkewe, na aliwapenda kuliko nguo zote za watu alizofua. Alimletea Shangazi mayai kwa sababu bata jike wake alikuwa mvivu wa kuatamia. "Anaatamia kwa zamu kama karani," alilalamika. "Saa ya chai ikifika anaondoka." Haukupita muda, ugonjwa ukaingia uani kwake. Alianza kuokota bata mmoja mmoja, kisha akaokota kwa toroli. Hakubaki hata wa kupiga kelele.

Alikuja chumba cha mayai akiwa bado na buti zenye majivu ya moto aliowachomea.

"Dada yangu," alimwambia Shangazi, "wameisha wote. Uzao wa mke wangu umebaki humo ndani ya kabati lako. Basi."

"Humu wako salama, mzee wangu," Shangazi akamjibu. "Wanalelewa na programu ya huyu binti."

Dobi akamtazama Nong'ona kwa ile heshima mtu mgonjwa anayomtazama nayo daktari. Nong'ona akaangalia vidole vyake vya miguu.

Siku chache baadaye, kwenye klabu, mwalimu wa kompyuta aliiweka programu ya Nong'ona kwenye skrini kubwa ya ukutani, kila mtu aione.

"Hii ni fanksheni ya kwanza," alisema. Fanksheni ni kipande cha programu kinachofanya kazi moja. Unakiita kwa jina lake kila ukikihitaji. "Inapewa orodha ya trei za kuku, inatafuta iliyokaa ndani muda mrefu kuliko zote, inairudisha. Safi kabisa. Ya pili inafanya hivyo hivyo kwa kware. Ya tatu, hivyo hivyo kwa bata. Juzi zilikuwa zinakwama orodha ikiwa tupu, ukarekebisha. Ulirekebisha wapi?"

"Kwenye kuku na kware," Nong'ona akasema.

"Sikusikii."

"Kuku na kware!" darasa likamsaidia.

"Na bata?"

Nong'ona akatikisa kichwa: bata aliwasahau.

"Hiyo ndiyo shida ya kuandika kitu kimoja mara tatu," mwalimu akasema, wala hakuwa na hasira. "Ukitengeneza huku, unasahau kule. Kuna namna ya kukiandika mara moja tu kikafaa aina zote. Soma sura inayofuata, halafu njoo tukae nikuonyeshe."

Nong'ona hakusikia "nikuonyeshe." Alisikia "shida." Masikio yakawaka.

Nyumbani alifungua ile sura, akaona imejaa alama asizozijua, akaifunga. Alifuta fanksheni mbili akaacha moja, ile ya kuku, akajaribu kuilisha trei za kila aina. Skrini ikajaa mistari myekundu. Umesema utanipa trei za kuku, mbona umeniletea za kware? Mbona umeniletea za bata? Kila mstari ulimchoma kama sauti ya mtu anayesema "si hivyo, si hivyo" mbele ya darasa.

Kesho yake alimwambia jirani yake wa dawati. Huyo walimwita Redio, kwa sababu hakuwa na kitufe cha kuzimia.

"Mistari myekundu?" Redio akacheka. "Wewe nawe! Hicho ndicho kinakukondesha? Pale unapotaja aina, usitaje trei ya kuku wala ya nani. Weka chochote."

"Chochote?"

"Lipo neno lake, nitakuandikia. Unaiambia kompyuta: pokea chochote, toa chochote, usiulize maswali. Inanyamaza kama imemwagiwa maji. Programu yangu yote mimi ni chochote, mwanzo mwisho."

"Na inafanya kazi?"

"Ya kwangu inachora maua tu. Lakini maua si yanatoka!"

Nong'ona akaweka chochote. Wekundu wote ukapotea kwa mpigo mmoja. Alihisi raha ya mtu aliyevua kiatu kinachobana. Ilibaki mistari ya mwisho tu, ile inayosema trei iliyopatikana ipelekwe kwa kanuni ipi: ya kuku, ya kware au ya bata. Aliandika wa kuku, akaunakili mara mbili, akabadilisha maneno hapa na pale. Skrini haikusema kitu. Akaihifadhi, akaiwasha, akaenda kuoga huku akiimba.

"Umesoma ile sura?" mwalimu alimuuliza walipokutana kwenye korido.

"Nimeshaiweka moja, mwalimu. Inafanya kazi."

"Vizuri sana. Njoo nayo niione."

Hakwenda. Kila siku alipata sababu mpya ya kutokwenda.

Dobi alikuja tena mchana mmoja, Shangazi akiwa sokoni na matenga yake ya vifaranga. Nong'ona alikuwa peke yake.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kuwasalimia wajukuu. Hebu nifungulie kidogo, nichungulie tu, sitagusa."

Nong'ona akavuta droo ya bata polepole. Mayai yalikuwa meupe yenye rangi ya majani kwa mbali, makubwa, yamejipanga. Dobi akavua kofia.

"Aa, tazama," akasema kwa sauti ya chini. "Tazama walivyolala. Wametulia utadhani wako kwa bibi yao."

Wametulia. Nong'ona akaitazama trei. Droo ya juu yake ilikuwa imeinamia kulia. Iliyofuata imeinamia kulia. Trei ya bata ililala sawa kama meza. Akageuza macho kwenye skrini, ile aliyokuwa akiifuta vumbi kila siku bila kuisoma. BATA: IMESIMAMA. Tangu juzi asubuhi. Na bata bado walikuwa na zaidi ya wiki nzima mbele yao.

"Wanaendeleaje?" Dobi akauliza.

Aliona buti zile, aliona lile toroli. "Vizuri," akasema.

"Mungu akubariki, mwanangu. Akubariki sana." Mzee akavaa kofia yake, akaondoka akipiga mluzi.

Mlango ukafungwa. Alikaa sakafuni, akasimama, akakaa tena. Juzi! Saa ngapi hizo zimepita bila kugeuzwa? Aliwaona akilini vifaranga wa bata wamegandia kwenye maganda, wamefumba macho, na Dobi akija na kikapu kuwachukua. Angemwambia nini? Angekimbilia wapi?

Akavuta kibodi. Programu ilikuwa ndefu, na kwa haraka aliyokuwa nayo akashindwa kuisoma mstari kwa mstari. Zamani kosa lingewekewa mstari mwekundu chini yake. Sasa kurasa zote zilikuwa safi, zimenyamaza, zote zinafanana, kama watu wanaojua aliyeiba lakini hakuna anayesema. Alichokiona upesi ni kanuni ya kuku: siku ya kumi na nane, simamisha. Bata walikuwa wametimiza kumi na nane juzi. Kwa namna fulani walikuwa wanahukumiwa kwa kanuni ya kuku. Wapi? Hakujua.

"Kwa muda tu," akajiambia. Akafuta kumi na nane, akaandika ishirini na tano. Nitairudisha kabla Shangazi hajafika.

Saa ilipotimia, injini zikasema krrr, na trei ya bata ikainama. Nong'ona akalia kwa nafuu. Akajifuta pua kwa mkono wa sare ya shule, akaendelea kulisaka kosa. Alisaka mpaka macho yakauma. Saa nyingine ikatimia. Krrr.

Ndipo aliposikia sauti kutoka chini ya kabati. Haikuwa ya injini. Ilikuwa nyembamba, kali, inakatika na kuanza tena.

Droo ya chini kabisa! Humo mlikuwa na trei ya kuku iliyokuwa imesimamishwa kihalali, ikisubiri kutotoa. Alipobadilisha kanuni ya kuku, nayo ilianza kugeuka.

Akaivuta. Trei ilikuwa imeinama upande. Mayai yaliyokuwa yameanza kutobolewa yalikuwa yamebiringika yakalaliana, matundu yao yakatazama chini, na midomo midogo ikahangaika kwenye vitundu vilivyozibwa. Vifaranga wawili waliokwisha kutoka walikuwa wameporomoka hadi ukingoni. Mmoja mguu wake ulibanwa kati ya trei na mbao, na ndiye aliyekuwa akilia.

"Shangazi!" Nong'ona akapiga yowe. Hakujua kama yuko au hayuko. "Shangazi! Shangazi wee!"

Shangazi alikuwa ndiyo kwanza anaingia getini. Alitupa matenga, akaja mbio hata kanga ikamdondoka... aliiacha huko huko. Hakuuliza. Aling'oa waya wa injini, akainua ukingo wa trei kwa vidole viwili, akauchomoa ule mguu. Akayapanga mayai moja moja, matundu juu. Alipomaliza ndipo akageuka.

"Nini kimetokea humu?"

"Ni mimi, Shangazi. Nilibadilisha kanuni. Nilitaka bata wageuke."

"Bata wamefanyaje?"

"Walisimama. Tangu juzi."

Shangazi akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa.

"Na Dobi? Nimepishana naye njiani, anapiga mluzi."

"Alikuja. Nikamwambia wako vizuri."

"Hilo," Shangazi akasema taratibu, "ndilo baya kuliko yote. Haya mengine tutahangaika nayo. Leta penseli."

Injini zote zikabaki zimezimwa. Shangazi alichora alama ya msalaba upande mmoja wa kila yai la bata, akamwonyesha namna ya kulizungusha kwa kiganja, taratibu, alama itazame juu, saa nyingine itazame chini. "Mpaka hiyo programu yako iweze kuaminika, mikono yetu ndiyo injini. Droo zote, isipokuwa ile ya chini. Na mpigie mwalimu wako. Wewe, siyo mimi."

Kumpigia mwalimu kuungama kosa! Lakini mayai yale yalikuwa mbele yake. Akapiga.

Mwalimu alifika jua likielekea kuzama, suruali imebanwa kwa kibanio cha nguo ili isiingie kwenye mnyororo wa baiskeli. Alisoma skrini bila kukaa.

"Chochote," akasema. "Chochote. Chochote. Nani kakufundisha huu mchezo?"

Nong'ona hakumtaja Redio. "Nilitaka mistari myekundu iondoke, mwalimu."

"Imeondoka kweli. Umemfunga mlinzi kitambaa mdomoni. Kabla ya kutafuta kosa lolote, ondoa hilo neno kila mahali."

"Itajaa nyekundu."

"Ndiyo ninayoitaka. Ondoa."

Wakati huo Shangazi alikuwa amezima taa upande wake, anamulika mayai ya bata kwa tochi moja moja. Yai la kwanza lilionyesha kivuli cheusi kisichotikisika. Aliliweka pembeni bila kusema. La pili, pembeni. La tatu alilishika muda mrefu, kisha kile kivuli kikajitupa kidogo, kama mtoto anayegeuka usingizini.

"Huyu yupo," Shangazi akasema. "Huyu bado yupo."

Mwalimu aliitazama ile tochi. "Mama, tochi hiyo ni ya mayai ya bata?"

"Ni ya yai lolote, mwalimu."

"Yai la bata likipita mbele ya tochi, linatoka yai la nini?"

"La bata! Unanitania saa hizi?"

"Na ukimulika jiwe?"

"Nitaonekana nimerukwa na akili."

"Umesikia?" mwalimu akamgeukia Nong'ona. "Fanksheni unayoitaka ni hiyo tochi. Moja tu, inafaa kila yai, lakini haimsahaulishi mtu yai ni la nani. Chochote yako ilikuwa gunia jeusi. Unatia trei ya bata, inatoka trei isiyo na jina, na yeyote anaweza kuiita ya kuku. Sasa fanya hivi. Mahali pa kutaja aina, usiandike kuku, usiandike chochote. Andika herufi. T."

"T ni nini?"

"Ni nafasi inayosubiri kujazwa. Unasema: nipe orodha ya T, nitakurudishia T. Ukileta orodha ya trei za kuku, T inakuwa trei ya kuku kila ilipoandikwa. Ukileta za bata, inakuwa ya bata, na kinachotoka ni trei ya bata, hakiwi kingine. Kisha unaweka sharti: T iwe kitu chenye tarehe ya kuingia. Mawe yasipite."

Nong'ona akaandika jina la fanksheni, iliyokaaZaidi, na mbele yake T katikati ya alama mbili zinazofanana na midomo ya vifaranga iliyoachama: iliyokaaZaidi<T>. Zile ndizo alama zilizomfanya aifunge sura. Hazikuwa na ugumu wowote. Alisimama kila saa kugeuza mayai, akarudi, akaandika, akasimama tena. Kila alipoweka kitu mahali pake, mstari mwekundu mmoja uliondoka kwa haki. Mwisho ukabaki mmoja, mkaidi, karibu na chini kabisa.

"Usome kwa sauti," mwalimu akasema.

"Umeleta trei ya bata," Nong'ona akasoma, "mahali panapotakiwa trei ya kuku."

Alipounakili ule mstari wa kuku kwa ajili ya bata, alikuwa amesahau kubadilisha jina la kanuni. Neno moja. Na kompyuta ilikuwa tayari kumwambia tangu siku ya kwanza, kama asingeiziba mdomo. Machozi yakadondokea kibodi.

"Utalia baadaye," mwalimu akamwambia kwa upole. "Badilisha kwanza."

Alibadilisha. Akairudisha kumi na nane ya kuku mahali pake. Wakachomeka waya, wakasubiri. Krrr. Kila trei iliyotakiwa kuinama ikainama, na ile ya chini ikatulia.

Kulikuwa na safari moja iliyobaki, na hiyo haikuwa ya kuandika. Asubuhi Shangazi alimsindikiza mpaka kwenye ua wa Dobi, akabaki nje ya mlango. Mzee alikuwa anaanika mashuka.

"Babu," Nong'ona akasema, "bata hawakuwa vizuri. Programu yangu iliwasimamisha. Wengine wamekufa."

Dobi akamalizia kubana shuka alilokuwa nalo. "Jana uliniambia vizuri."

"Nilidanganya, Babu."

"Nilikwenda nikalala, mwanangu. Kwa mara ya kwanza tangu walipokufa wale wengine, nililala usingizi. Kumbe nimelalia uongo." Hakupaza sauti. Afadhali angepaza. "Waliobaki watatoka?"

"Hatujui."

"Hiyo angalau ni kweli," Dobi akasema, akainama kuchukua shuka jingine.

Siku zile zilitambaa. Kila jioni Shangazi alimulika mayai, na mara kwa mara moja likaenda pembeni. Siku ya bata kutoka ilifika na Dobi alikuja mapema, akakaa kwenye ndoo, mikono katikati ya magoti. Asubuhi ikapita. Hakuna yai lililotikisika. Mchana ukapita. Shangazi akapoza chai, akaisahau. Nong'ona alibandika sikio kwenye mbao mpaka likawa na alama, akasikia feni tu, feni tu, na moyo wake mwenyewe.

"Labda twende tukapumzike," Shangazi akasema hatimaye, na wote watatu walielewa maana yake.

Hakuna aliyesimama. Jioni, Dobi ndiye aliyenyanyua kidole. "Nyamazeni."

Tik. Kisha tena, tik, kama ukucha kwenye kikombe. Katikati ya trei yai moja lilikuwa na nyota ndogo ya ufa. Usiku huo na kesho yake yalifuata mengine. Hayakuwa yote. Hayakuwa hata nusu. Lakini Dobi alipoondoka alibeba boksi lililotobolewa matundu, na ndani yake vifaranga wa bata wa njano walikanyagana na kulalamika kwa sauti mbaya.

"Kelele hizo hizo za mama yao," Dobi akasema, akicheka na kufuta macho kwa kiwiko. Mlangoni akamgeukia Nong'ona. "Utakuja kuwaona. Na ukiona mmoja ananyong'onyea, uniambie. Unasikia? Hata kama unaogopa, uniambie."

"Nitakuambia, Babu."

Wiki iliyofuata mama mmoja muuza mboga alileta mayai ya kanga. Kabati halijawahi kulea kanga. Nong'ona aliandika aina mpya, akaandika kanuni yake, akaipeleka orodha kwa iliyokaaZaidi bila kuongeza hata mstari mmoja kwenye fanksheni yenyewe. Mara mstari mwekundu ukatokea. Masikio yakaanza kumwaka moto, lakini safari hii alisogeza kiti karibu.

"Inasemaje?" Shangazi aliyekuwa akifagia maganda akauliza.

"Inasema kanga hawana tarehe ya kuingia. Nimesahau kuiweka."

"Basi iweke." Shangazi akaegemeza ufagio ukutani. "Unajua, mwanangu, ulikuwa unadhani anayekuambia umekosea anakuaibisha. Hapana. Mwenye kukuangamiza ni yule anayekuona unaelekea shimoni, akanyamaza. Kazi ukiifanya mara moja kwa makini, itakutumikia mara nyingi. Lakini usiizibe mdomo inapotaka kukuonya, wala wewe usiuzibe wako pale mtu anapohitaji kujua ukweli. Kosa likisemwa mapema, kuna wa kuokolewa. Likifichwa, wanaolilipa ni wale wasio na sauti."